Nywele Zinakatika, Zinang'oka au Zimekakamaa? Jua Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mtu akiona nywele zake zimepungua, kitu cha kwanza anachotafuta ni mafuta. Chupa ikiisha bila mabadiliko, ananunua nyingine yenye ahadi kubwa zaidi. Huku nyuma tabia iliyoleta tatizo inaendelea kila asubuhi na kila usiku. Nywele zinazokatika kwa sababu ya pasi haziwezi kupona kwa mafuta ya kuotesha, na nywele zinazong'oka kwa sababu ya homa ya miezi mitatu iliyopita hazihitaji kondishona mpya. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako, soma kinachoisababisha, ndipo uamue la kufanya.

Kipimo cha kwanza: zimekatika au zimeng'oka?

Kusanya nywele zilizobaki kwenye kitana, kwenye mto wa kulalia au kwenye sinki. Kumi zinatosha. Zitandaze juu ya kitambaa cheupe (cheusi kama nywele zako zina rangi hafifu), kaa karibu na dirisha, kisha utazame ncha zote mbili za kila unywele.

Ukiona ncha moja ina kidoto cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini, unywele huo umeng'oka na shina lake. Watu wengi hukiona kidoto hicho wakashtuka, wakidhani mzizi umetoka na hapo hapataota tena. Si kweli. Tundu la unywele limebaki ndani ya ngozi, na mara nyingi unywele mpya tayari umeanza kuota chini yake. Kila unywele wa kichwani huota kwa muda wa kati ya miaka 2 na 6, hupumzika kwa miezi kama 3, kisha hudondoka kupisha mwingine. Ndiyo maana kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida kabisa.

Usipokiona kidoto popote, na vipande vyenyewe ni vifupi kuliko nywele zako, basi zimekatika. Kukatika ni suala la mikono: unavyochana, unavyoosha, unavyobana, unavyochoma. Kung'oka kwingi kunatoka ndani ya mwili, kwenye ngozi ya kichwa, au kwenye mvuto wa misuko. Ukishajua uko upande upi, nusu ya kazi imekwisha.

Kipimo cha pili ni mahali. Tatizo liko kwenye ncha tu? Pembeni mwa uso? Utosini? Limeenea kichwa kizima sawasawa, au kuna viraka? Liandike. Kumbukumbu ya nywele zilivyokuwa mwezi uliopita hudanganya sana, kwa hiyo piga picha pia.

Dalili: "Nywele zangu haziongezeki, ziko palepale mwaka mzima"

Karibu kila mara zinaota. Nywele za kichwani huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili huwa na mwendo wa polepole kidogo. Aliyeweka dawa ya kulainisha au rangi anao ushahidi: baada ya wiki chache huona shina jipya lisilofanana na urefu uliobaki. Kama shina linaongezeka na urefu hauongezeki, maana yake ncha zinakatika kwa kasi ileile ya kuota. Huhitaji cha kuotesha. Unahitaji kuziba pale panapovuja.

Fikiria umri wa ncha. Nywele zenye urefu wa sentimita 30 zina ncha iliyotoka kichwani miaka miwili na nusu iliyopita. Tangu siku hiyo imechanwa, imeoshwa, imesuguliwa na taulo na kulaliwa usiku baada ya usiku. Unywele kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na ni hayo yanayolinda nyuzi za ndani. Yakishabanduka, nyuzi za ndani hubaki wazi, ncha hupasuka mara mbili au tatu, na mpasuko hupanda juu. Unywele ulishakufa tangu ulipotoka nje ya ngozi. Hauna damu wala chembe hai za kujitibu. Kwa hiyo hakuna krimu inayounganisha ncha iliyopasuka. Kuna zinazoigandisha kwa muda hadi utakapoosha tena. Kinachobaki ni mkasi. Kata juu ya mpasuko, kwa mkasi wa nywele wenye makali, si ule wa jikoni unaotafuna. Wala usikate ukitegemea kwamba kukata kutaharakisha kuota, maana mkasi haufiki kwenye tundu la unywele.

Halafu tafuta anayezipasua. Washukiwa ni hawa.

Kuchana kuanzia shinani. Ukishusha kitana kutoka kichwani kwenda chini, kila fundo dogo linasukumwa kwenye fundo lililo chini yake mpaka yanakuwa donge moja, kisha mkono unavuta na sauti ya "tap, tap" inasikika. Sauti hiyo ni ya nywele kukatika. Geuza utaratibu. Gawa nywele mafungu manne au zaidi, shika fungu moja kwa mkono mmoja juu kidogo ya sehemu unayochana ili mvuto usifike kichwani, anza na sentimita chache za mwisho, zikifunguka panda juu kidogo, na hivyo hivyo mpaka shinani. Tumia chanuo lenye meno yaliyoachana. Kitana cha meno ya karibu kibaki cha kupasulia njia.

Kuchana wakati usiofaa. Hapa aina ya nywele ina usemi. Maji huingia ndani ya unywele na kulegeza baadhi ya viunganishi vyake, hivyo unywele uliolowa huvutika zaidi na kuumia upesi. Mwenye nywele za singa asubiri zikauke kiasi kabla ya kuchana. Mwenye nywele za kipilipili au za mawimbi afanye kinyume chake: zikiwa kavu zinashikana na kukatika, kwa hiyo azichane zikiwa na unyevu, zimejaa kondishona ya kutelezesha. Ushauri wa mmoja humuumiza mwingine, na sijui ni wangapi wameharibu nywele zao kwa kufuata video ya mtu mwenye kichwa tofauti kabisa na chao.

Taulo. Kusugua kichwa huku na huku huinua magamba yale na kuzisokota nywele zilizolainika kwa maji. Bonyeza, usisugue. Fulana ya zamani ya pamba inafaa kuliko taulo lenye manyoya.

Mto. Foronya ya pamba husuguana na nywele usiku kucha na hunyonya unyevu wake. Foronya au kitambaa cha satini kinatosha. Hariri ikipatikana ni sawa, ila nywele hazitajua tofauti kubwa.

Dalili: nywele za mbele na pembeni mwa uso zinakwisha

Hili ndilo tatizo ambalo ningependa kila anayesuka au kubana nywele alielewe vizuri, kwa sababu mwanzoni linarekebishika lote, na likicheleweshwa halirekebishiki tena.

Chanzo ni mvuto. Unywele unavutwa polepole kila siku, tundu lake linavimba, unadhoofika, mwisho unang'oka. Mvuto ukiendelea kwa miaka, tundu linageuka kovu, na kovu halioti nywele. Wala si jambo la watu wa aina moja ya nywele. Maelezo ya mapema ya kitabibu ya tatizo hili, ya mwaka 1907, yalihusu wanawake wa Greenland waliokuwa wakibana nywele zao kwa nguvu juu ya kichwa. Leo linawapata wanaosuka misuko inayobana, wanaoongeza nywele nzito za bandia, wanaobana mkia wa farasi kila siku, wacheza dansi na wanajeshi wanaolazimika kufunga fundo la nywele kisogoni, na wanaume wenye rasta nzito au wanaofunga kilemba kwa kukaza.

Dalili zake huja kwa mpangilio huu, na ukiijua ya kwanza hutaifikia ya mwisho:

Kwanza maumivu. Umetoka kwa msusi huwezi kulaza kichwa, na ukiinua nyusi ngozi inakataa. Kuna msemo wa wasusi kwamba maumivu ni kawaida na yataisha kesho. Yanaisha kweli, kwa sababu baadhi ya nywele zimeshalegea.

Pili vipele vidogo kwenye mashina, vingine na usaha kidogo, au vidoto vyeupe vilivyozunguka mashina ya misuko.

Tatu nywele fupi nyembamba zinabaki mstari mmoja mbele kabisa, na nyuma yake pengo. Mstari huo unabaki kwa sababu nywele zake zilikuwa fupi mno kushikwa na msuko.

Nne ngozi inakuwa laini, inang'aa, na ukiitazama kwa karibu huoni vitundu. Hapo umechelewa, au unakaribia kuchelewa.

La kufanya: ukiwa na maumivu, fumua. Usimeze dawa ya maumivu ukalala nayo. Kama hutaki kufumua kichwa kizima, fumua mistari miwili ya mbele, maana nywele za pale ndizo nyembamba kuliko zote. Mwambie msusi aache nywele za ukingoni nje ya msuko, na mashina yasianze na fundo gumu. Nywele za bandia ziwe nyepesi na fupi kuliko ulivyozoea. Baada ya kufumua, kipumzishe kichwa wiki kadhaa bila kukivuta kwa mtindo mwingine. Kutoka kwenye misuko mikali kwenda kwenye mkia wa farasi uliokazwa si mapumziko. Aliyeweka dawa ya kulainisha nywele awe mwangalifu mara mbili, kwa kuwa nywele zake tayari zimedhoofika na mvuto uleule humdhuru zaidi.

Kuna tabia moja ndogo inayosahaulika: kulaza nywele za pembeni kila asubuhi kwa jeli na brashi ngumu, kisha kuzifunga kitambaa zikauke. Ni mvuto na msuguano kwa pamoja, mahali palepale palipo dhaifu. Iache iwe ya siku moja moja.

Ukiondoa mvuto mapema, nywele laini huanza kuonekana baada ya miezi michache. Kupaka mafuta ya nyonyo hakudhuru, ila kuyasugua kwa nguvu ukiwa bado umesuka kwa kukaza ni kumwagilia shamba linalochimbwa.

Dalili: umefumua misuko, umekutana na rundo la nywele

Kabla ya kulia, piga hesabu. Misuko ilikaa wiki 6, yaani siku 42. Kichwa hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, lakini zilizodondoka hazikuwa na pa kwenda. Zilinaswa ndani ya msuko. Hizo ni nywele 2,100 hadi 4,200 zinazotoka siku moja. Rundo linatisha, ila ni deni la wiki 6 linalolipwa kwa mkupuo. Chukua kumi, rudi kwenye kipimo cha kwanza. Zote zina kidoto cheupe na ni ndefu? Hakuna tatizo. Nyingi ni vipande vifupi? Hapo pana kukatika.

Kukatika kwa siku ya kufumua kuna chanzo kimoja kikubwa: kuosha kabla ya kutoa mafundo. Kwenye shina la kila msuko hujikusanya vumbi, mafuta na nywele zilizodondoka, likawa donge la kijivu. Maji yakilifikia donge hilo linakaza na kuwa gumu kulitoa. Kwa hiyo ukishafumua, usikimbilie bombani. Paka kondishona au mafuta kwenye donge, liache dakika chache, lipasue kwa vidole ukivuta pembeni, kisha chanuo, ndipo uoshe. Na misuko isikae zaidi ya wiki 6 hadi 8. Anayekaa nayo miezi minne kwa sababu "bado inaonekana vizuri" anazitazama nywele za bandia. Zake ziko chini zinajisokota.

Dalili: nywele kavu, ngumu, hazina mng'ao, hata ukipaka mafuta

Neno la muhimu hapo ni "hata ukipaka mafuta". Mafuta hayaongezi maji. Kazi yake kubwa ni kupunguza msuguano na kuzuia unyevu usitoke haraka. Ukiyapaka juu ya nywele kavu umefungia ukavu ndani. Zilowanishe kwanza au zipake krimu yenye maji, kisha mafuta kidogo juu. Mafuta ya nazi yana sifa yake ya pekee: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa yanapenya ndani. Yafaa zaidi kupakwa kabla ya kuosha.

Kama ukavu unabaki, pitia orodha hii kwa kuondoa mmoja mmoja.

Unaoshea nini? Sabuni ya kipande, ya kufulia au ya kuogea, huwa na alkali, na nywele hupendelea uasidi kidogo. Alkali hufungua magamba, nywele zikashikana na kufifia. Magadi ni vivyo hivyo, hata kama mtandaoni yanasifiwa. Tumia shampuu, ipake kwenye ngozi ya kichwa na si kwenye ncha. Povu linaposhuka linatosha kusafisha urefu. Kondishona ifanye safari ya kinyume, ianzie kwenye ncha.

Kuna utando? Sugua fungu la nywele kavu kwa kucha. Ukipata uchafu mweupe unaonata, ni mabaki ya jeli, krimu na mafuta mazito yaliyolundikana. Maji hayapiti hapo. Osha mara moja kwa shampuu kali ya kusafisha, kisha kondishona, na usiirudie kila wiki.

Maji yako ni ya chumvichumvi? Kama sabuni haitoi povu kirahisi na birika lina ukoko mweupe, maji yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na hizo huganda kwenye nywele pia. Tafuta shampuu iliyoandikwa EDTA kwenye viambato vyake. Hiyo hunasa madini. Ukiweza, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au yaliyochujwa vizuri.

Unazidisha protini? Maski za mayai haziingii kwenye unywele, kwa hiyo hizo zinapoteza mayai tu. Lakini bidhaa za dukani zenye protini iliyovunjwavunjwa, zikitumiwa kila wiki, huzifanya nywele nyingine kuwa kavu na zenye kukatika upesi. Ziache mwezi mmoja uone.

Dalili: baadhi ya nywele hazijikunji tena, au zina harufu ya kuungua

Joto. Mtu anaosha nywele za mawimbi au za kipilipili, zinajikunja, isipokuwa mbele kuna nyuzi zimenyooka kama waya. Hizo ni zile zinazopitiwa na pasi mara nyingi zaidi, kwa sababu mbele ndiko kunakoonekana kwenye kioo. Umbo lake halirudi. Litarudi tu kwa nywele mpya zitakazoota.

Pasi nyingi hufika nyuzi 230 za selsiasi, na waliozitengeneza hawakukusudia uanze nazo huko. Baki chini ya 180, pitisha mara moja, na kama fungu halijanyooka, punguza ukubwa wa fungu badala ya kuongeza joto. Pasi isiyo na namba, yenye taa tu ya kuwaka na kuzima, siishauri kwa mtu yeyote.

Kosa baya kuliko yote ni kupitisha pasi kwenye nywele zenye unyevu. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Yakichemka yakiwa ndani ya unywele hugeuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na unaacha mapovu ndani ya unywele wenyewe. Ile sauti ya "chwiii" watu wanayoipenda ndiyo hiyo. Nywele zenye mapovu zinakatikia popote. Drai nayo iwe ya joto la kati, mbali na kichwa kama upana wa kiganja, isikae sehemu moja.

Dawa ya kukinga joto inasaidia, ila haibadilishi nyuzi 230 kuwa 150.

Dalili: nywele zikilowa zinavutika kama mpira, kisha zinakatika

Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Wenye afya huvutika kidogo na kurudi. Unaovutika bila kurudi, ukawa laini kama ute, umeharibiwa na kemikali: blichi, rangi ya kudumu, au dawa ya kulainisha.

Dawa za kulainisha zina alkali kali sana, nyingi pH yake ni 12 au zaidi, na hufanya kazi kwa kuvunja viunganishi vya salfa vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Hazichagui. Zikigusa nywele zilizowekwa dawa miezi mitatu iliyopita, zinavunja tena kilichobaki. Ndiyo maana nywele za dawa hukatikia mahali pamoja, sentimita chache kutoka kichwani, pale shina jipya linapokutana na la zamani. Kanuni ni moja: dawa ipakwe kwenye shina jipya tu. Mwambie msusi azipake nywele za zamani mafuta mazito ya mgando kwanza ili dawa isishike. Subiri wiki 8 hadi 12 kati ya dawa na dawa. Usijikune wala kuosha kichwa siku moja kabla, maana ngozi iliyochubuka huungua. Muda ulioandikwa kwenye pakiti uheshimu. "Ngoja kidogo ishike" ndiyo sentensi inayotangulia vidonda. Kisha ioshwe kwa shampuu ya kuizima dawa mpaka povu liwe jeupe.

Blichi na dawa ya kulainisha kwenye kichwa kimoja? Ningekataa. Chagua moja.

Kwa nywele ambazo zimeshafika hapo, hakuna kurudi. Punguza urefu, zitendee kwa upole, usizipitishie pasi, na acha shina jipya lije.

Dalili: kichwa kinawasha, kuna magamba

Mba husababishwa zaidi na aina ya hamira, Malassezia, inayoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na kula mafuta ya ngozi. Sasa tazama tunavyofanya: kichwa kinatoa magamba, tunadhani ni ukavu, tunakijaza mafuta. Tumeileta hamira mezani. Magamba yanalala kwa siku mbili kwa sababu yameloa, kisha yanarudi zaidi.

Acha mafuta kwenye ngozi ya kichwa (kwenye ncha endelea). Tumia shampuu yenye ketokonazoli, salfaidi ya seleniamu au zinki pirithioni mara mbili kwa wiki, na hapa ndipo wengi wanapokosea: iache kichwani dakika 5 kabla ya kusuuza. Ukiiosha papo hapo umesafisha tu, dawa haijafanya kazi. Mwenye nywele kavu sana anaweza kufanya mara moja kwa wiki na kufuatisha kondishona kwenye urefu. Usikwangue magamba kwa kitana. Mchubuko ni mlango wa vidonda.

Kwa mtoto mwenye viraka vya mviringo, magamba na nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, usihangaike na shampuu ya mba. Hayo yanaelekea kuwa mapunye, na fangasi wake amejificha ndani ya shina ambako dawa ya kupaka haifiki. Yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Vitana, mashine ya kunyolea na kofia visichangiwe nyumbani hadi apone.

Dalili: vidoto vyeupe kwenye unywele

Kikidondoka ukipuliza, ni mba. Kikiwa kimegandia upande mmoja wa unywele na hakisogei ila kwa kukwanguliwa na kucha, ni yai la chawa. Kikiwa ni sehemu ya unywele wenyewe na unakatikia papo hapo ukiukunja, ni pale magamba yalipovunjika kwa kuchana au joto. Rudi kwenye sehemu za juu.

Dalili: zinang'oka kichwa kizima, zote zina kidoto

Hesabu miezi 2 hadi 3 kurudi nyuma. Ulijifungua? Uliumwa homa kali, malaria, ulifanyiwa upasuaji, ulifiwa, ulijinyima chakula ili upungue? Mshtuko wa mwili huzisukuma nywele nyingi kwa pamoja kwenye mapumziko, nazo hudondoka pamoja baada ya miezi hiyo. Ndiyo maana mtu halihusishi tukio na matokeo. Analaumu shampuu aliyoanza juzi. Kwa kawaida zinarudi zenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12, bila dawa. Kama hakuna tukio unalolikumbuka, au hedhi zako ni nzito, omba kupimwa damu: upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huleta hali hiyohiyo.

Vidonge vya bayotini husaidia mwenye upungufu wake, na upungufu huo ni nadra. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba bayotini nyingi inaweza kupotosha majibu ya baadhi ya vipimo vya maabara. Ukiwa unaimeza, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Madogo mawili

Ukiogelea kwenye bwawa la klorini, lowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia. Zikishajaa hayo hazinywi mengi ya bwawa. Rangi ya kijani kwa wenye nywele za rangi hafifu inatokana na shaba iliyo ndani ya maji, si klorini.

Wigi lisivaliwe juu ya nywele mbichi, na gundi isigusane na nywele za ukingoni. Likivaliwa kila siku, mpira wake unasugua sehemu zilezile kila siku.

Usibadilishe yote kwa wakati mmoja

Ukiacha pasi, ukabadili shampuu, ukanunua foronya na kuanza maski ndani ya wiki moja, hali ikibadilika hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Anza na tabia moja inayohusiana na dalili zako, iache wiki 6, hesabu vipande vifupi kwenye kitana kama ulivyofanya mwanzo, ulinganishe.

Isipokuwa kwa haya, ambayo hayasubiri wiki 6: viraka vya mviringo visivyo na nywele wala magamba, ambavyo mara nyingi hutokana na kinga ya mwili kushambulia matundu ya nywele; upungufu unaoanzia utosini na kupanuka kwenda nje, hasa ukiambatana na kuchomachoma; ngozi iliyogeuka laini na kupoteza vitundu; usaha na maumivu. Nenda kwa daktari wa ngozi. Nenda bila misuko, bila wigi na bila mafuta kichwani ili aone ngozi, ukiwa na picha zako za miezi iliyopita na orodha ya kila dawa unayomeza na unayopaka, pamoja na tarehe ya mwisho uliyoweka dawa ya kulainisha au rangi.